Jiwe Lenye Alama

Mawe ya chokaa hayana adabu. Mawe ya milima mingine yakitaka kukuangusha, angalau yatakuonyesha ufa mapema. La chokaa litakaa pale jeupe, safi, limetulia, kumbe ndani limeliwa na maji ya mvua tangu enzi za mababu na limebaki ganda tupu. Unaliwekea mguu, linaondoka nawe. Ndiyo maana kwenye mlima ule hakuna aliyethubutu kupandisha wageni kabla Mzee Nyundo hajapita.

Alipita kila mwaka, siku mbili kabla ya msimu kufunguliwa. Mkononi nyundo ndogo ya mpini wa mti, mfukoni chaki nyekundu ya mafuta, ile isiyotoka kwa mvua. Kila jiwe la kushika na kila pini ya chuma iliyopigiliwa ukutani, vyote alivigonga mara tatu, akainamisha kichwa, akasikiliza. Jiwe zima hulia juu: ti. Jiwe bovu hulia chini: bwu, kama debe lenye unga. Zima alilichorea alama ya vema, kama mwalimu anavyosahihisha daftari; bovu alilichorea kosa. Waongozaji wote wa mlima walipandisha watu kwa kufuata alama hizo, na watu wakarudi makwao na miguu yao yote miwili. Miaka ishirini na saba ilikwenda hivyo, mpaka mwaka jana.

Mwaka huu aliyemshikia kamba alikuwa binti yake, ambaye kazi yake hasa ni kushona mahema na mikoba ya safari, na mtaani wanamwita Fundi. Kushika kamba ilikuwa kazi ya kaka yake. Lakini kaka yake hakanyagi tena mlimani, wala nyumbani kwao hakanyagi, na sababu ni hii.

Mwaka jana, msimu umeanza tu, kaka mtu alikuwa anampandisha mgeni, mama mmoja mfamasia. Walipofika pale wanapopaita Shingoni, yule mama akashika jiwe, likatoka zima zima na mkono wake. Akaanguka mita nne kabla kamba haijamdaka, mguu ukavunjika mahali pawili. Jiwe lenyewe lilisagika huko chini, ushahidi hakuna. Ofisi ya mlima ikaita kikao. Kaka mtu akasema neno moja tu: "Baba, jiwe lilikuwa na alama." Mzee Nyundo akasimama mbele ya watu, akasema jiwe aliloligonga yeye na kulipa vema halijatoka tangu aanze kazi na halitatoka, kwa hiyo kijana alimpitisha mgeni pasipo na alama. Nani angebishana na masikio yale? Kijana akafukuzwa. Na jioni ile mezani, mguu wa mtu bado uko kwenye plasta mbichi, baba yake akamwongezea chumvi kwenye kidonda: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe umevunja la mwenzio." Kaka mtu akainuka, akaacha sahani yake imejaa. Imepita miezi kumi na moja na hajarudi.

Na Fundi alimwamini nani? Tuseme kweli: alimwamini baba. Alimwamini bila hata kujiuliza, na kaka yake alilijua hilo, na walipokutana sokoni walisalimiana kwa shida.

Basi asubuhi hiyo walikunywa chai jikoni huku redio inanguruma. Redio ya nyumba ile ilikuwa balaa. Jirani alishakuja mara mbili kulalamika, na mara zote Mama ndiye aliyejibu, "Ni mimi, jamani, napenda kusikia vizuri."

"Baba, mchana kunaweza kunyesha," Fundi akasema.

"Sawa."

"Tuahirishe mpaka kesho?"

"Sawa," akajibu mzee, akafunga viatu, akachukua kamba, akatoka.

Fundi akamgeukia mama yake. Mama alikuwa anaosha kikombe ambacho kilishatakata zamani. "Huko juu," akasema bila kugeuka, "usimwache baba yako akutoke machoni." Fundi akadhani ni habari za umri. Mzee alikuwa na miaka sitini na mitatu, na goti moja la kulalamika.

Vipande viwili vya kwanza vilikwenda vizuri. Kazi yenyewe ni hivi: mmoja anatangulia, mwingine anabaki chini amejifunga kwenye pini, anaachia kamba kidogo kidogo. Wa mbele akifika pazuri anajifunga, anavuta kamba iliyolegea, anaita "Njoo!" na wa nyuma anafuata. Chokaa liliwakwaruza viganja, vichaka vya miiba vilivyoota kwenye nyufa viliwararua mikono ya mashati. Mzee aligonga, aliinama, alichora. Aligonga, aliinama, alichora.

"Baba, mwaka huu unagonga haraka," Fundi akamtania kutoka chini. "Umeweka chungu jikoni?"

Kimya. Akachukulia kwamba amenuna. Baba yake akinuna hununa kweli; aliwahi kukaa wiki nzima hamsemeshi paka. Kitu kimoja tu kilimkera Fundi, nacho hakukipa uzito. Zamani mzee alipoinamisha kichwa kusikiliza, alifumba macho. Leo kichwa kiliinama, lakini macho yalishakwenda kwenye jiwe linalofuata.

Kipande cha tatu ndicho wanachokiita Konani. Hapo ukuta unakatika kama pembe ya nyumba, na anayetangulia akipinda anapotea machoni. Chini ni mita hamsini za hewa tupu, na chini ya hewa hiyo ni mawe yaliyochongoka ambayo hata mbuzi hawapiti. Fundi alisimama amefungwa kwenye pini mbili, akaachia kamba, akawa anafuata kazi ya baba yake kwa sikio. Ti, ti, ti. Kimya kidogo, hapo anachora. Ti, ti, ti. Kimya.

Kisha: bwu, bwu, bwu.

Hilo bovu, akajisemea, na kubwa kweli. Kamba ikasita, ikaendelea kupanda. Baada ya muda akasikia bwu nyingine, mbali zaidi, halafu sauti ya baba yake: "Njoo!"

Akajitoa kwenye pini zake, akapinda ile kona.

Mbele yake palisimama bamba la jiwe, refu na pana kama mlango wa jikoni, limeegemea ukuta. Njia yote ilipita hapo: ilibidi ulikumbatie bamba, uvute, upande. Na katikati yake, kubwa, nyekundu, nzuri ya kupendeza, alama ya vema.

Fundi akaligonga kwa kifundo cha kidole. Bwu. Akagonga tena, labda amekosea. Bamba zima likatikisika, na mchanga mweupe ukamwagika kutoka nyuma yake ukamwingia ndani ya shati.

Akainua macho. Baba yake alikuwa mita kumi juu, kwenye kibaraza cha mwamba kinachotosha watu wawili kusimama, anatazama mawingu huku anavuta kamba kwa mazoea. "Baba!" akaita. Mzee hakugeuka. "Baba! Baba weee!" Akapiga ukelele kwa pumzi yote aliyokuwa nayo, mpaka ndege wawili wakachomoka kwenye tundu la ukuta na kukimbia. Ndege walisikia. Mzee Nyundo alikohoa, akatema mate pembeni, akaendelea kutazama mawingu.

Hapo ndipo mambo ya mwaka mzima yalipopanga foleni kichwani mwake. Redio. Sawa, sawa, sawa ya kila siku. Kikombe kilichotakata. Namna baba yake alivyoacha kwenda misibani na harusini, na namna alivyokuwa akikutazama mdomo badala ya macho ukiongea naye. Baba hakununa. Baba hasikii. Mungu wangu, baba hasikii, na mlima mzima una alama zake, na keshokutwa, msimu ukifunguliwa, wanafunzi arobaini watapanda kwa kuzifuata.

Lakini wanafunzi walikuwa wa keshokutwa. La sasa hivi lilikuwa baya zaidi, na Fundi aliliona alipotazama baba yake amejifunga wapi. Nyuma ya kibaraza kulikuwa na pini ya zamani iliyoshika kutu, na mzee alikuwa ameidharau kwa macho. Badala yake alizungusha kitanzi kwenye nguzo ya jiwe iliyosimama mwishoni mwa kibaraza, nene kama pipa, nayo imepewa vema. Hiyo ndiyo ilikuwa bwu ya pili. Alijifunga hapo kwa kulabu kiunoni, ile pete ya chuma yenye kifungo cha kuzungusha, akaegemea kwa uzito wake wote. Kila alipovuta kamba, ufa ulio chini ya nguzo ulifunguka upana wa kidole. Kila alipopumzika, ulifumba. Unga mweupe ulikuwa unadondoka hapo bila kukoma.

Hesabu ilikuwa fupi. Nguzo ikitoka, itamburuta baba, kwa kuwa amejifunga nayo. Baba atamburuta yeye, kwa kuwa wamefungana kamba moja. Yeye akiteleza, au akiegemea kamba hata kidogo, ndiye atakayeing'oa nguzo. Na lile bamba halishikiki. Na mzee, kwa mapenzi yake yote ya baba, alipohisi kamba ina ulegevu aliikaza, akidhani anamsaidia mtoto.

Miguu ya Fundi ikaanza kutetemeka. Waliowahi kupanda wanaujua mtetemeko huo: unaanza kwenye kisigino, na ukiuachia unapanda mpaka mikononi. Akajikaripia kwa sauti, "Acha ujinga, wewe. Acha." Akatafuta kwa macho. Kushotoni, usawa wa bega, palikuwa na pini. Akaigonga kwa kulabu yake ya ziada. Tiii, ikalia, mlio mrefu na safi. Hajawahi kupenda chuma kama alivyokipenda kile. Akapitisha kulabu, akapiga fundo kwenye kamba, akaifunga pale. Sasa angalau, nguzo ikienda na baba, kuna kitu cha kweli ukutani cha kuwazuia wote wawili. Kama kamba haitakatwa na makali ya chokaa, na kama mgongo wa mzee utastahimili.

Ila kwa kuifunga kamba, aliizuia isipande. Huko juu mzee akavuta, haikuja. Akadhani imenasa. Akapanga miguu vizuri, akaegemea nyuma, akavuta kwa nguvu zake zote, na ufa ukafunguka upana wa vidole viwili.

"Usivute! Usivute, Baba!" Alijua ni kazi bure, na alipiga kelele vivyo hivyo.

Akaingiza mkono kwenye kitundu cha mwamba, akapata vijiwe. Cha kwanza akakikosea, kikapita pembeni. Cha pili kikampata mzee begani. Na mzee akafanya nini? Alifanya kile ambacho mpanda mlima yeyote mwenye akili hufanya kijiwe kikimpiga: alidhani mawe yanaporomoka kutoka juu, akainama, akaikumbatia ile nguzo. Akaing'ang'ania kwa mikono miwili, na unga ukamwagika chini kama mtu anayepepeta.

Fundi alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Akachukua kijiwe cha tatu, akatulia, akalenga. To! kwenye ukingo wa kofia ngumu, safari hii wazi kwamba kinatoka chini. Mzee akatazama chini hatimaye, kwa hasira. "Unanitupia mawe, wewe mtoto?"

Fundi akaachia mkono mmoja. Akaonyesha nguzo, akaonyesha ufa, akachora kosa kubwa hewani. Akarudia. Nguzo. Ufa. Kosa.

Mzee akaitazama nguzo, akaitazama alama yake mwenyewe. Uso wake ukatabasamu, tabasamu la fundi mkuu kwa mwanafunzi mwoga. "Hii?" akapaza sauti. "Nimeshaigonga!" Na kabla Fundi hajatikisa kichwa, akainua nyundo na kuigonga ile nguzo mbele yake, kumthibitishia.

Bwu.

Mzee hakusikia. Lakini alikuwa anamtazama binti yake usoni, na kilichotokea kwenye uso ule alikiona. Tabasamu likamtoka. Akainua nyundo tena, polepole, akagonga mara nyingine, na safari hii hakuitazama nguzo hata kidogo. Alimtazama binti yake tu. Bwu. Fundi akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka na mkono wa kuyafuta hana.

Mzee Nyundo akaushusha mkono wenye nyundo. Akainamisha shingo, akauona ufa.

Hakuna aliyemfundisha mtu yule kushikwa na woga, na hilo ndilo lililomwokoa. Alirudisha uzito wake miguuni taratibu, kwanza mguu wa kulia, kisha wa goti bovu. Kitanzi kikalegea. Akaingiza nyundo kwenye mkanda, akashika kulabu ya kiunoni, akazungusha kifungo chake. Kikagoma, kilikuwa kimejaa vumbi la chokaa. Akakipuliza. Akazungusha tena. Nguzo ikasogea, yenyewe, bila kuguswa, na Fundi akaona kitanzi kinaanza kukaza upya. "Fungua, Baba. Fungua, fungua, fungua," akawa anasema, kwa sauti ya chini sasa, kama mtu anayesali. Kulabu ikafunguka.

Nguzo ilikwenda bila haraka. Iliinama kwanza, kana kwamba inachungulia, kisha ikaondoka na kitanzi chake. Ilipita mbele ya Fundi mkono mmoja tu kutoka pua yake, ikaligonga lile bamba, bamba likang'oka nalo, na vyote viwili vikashuka. Mlio ulirudi kutoka chini baada ya muda mrefu, na vumbi jeupe likapanda likafunika kila kitu. Fundi alijibana kwenye pini yake amefumba macho. Kamba haikuvutika. Alingoja ivutike. Haikuvutika.

Vumbi lilipotulia alimwona baba yake amelala kifudifudi kwenye kibaraza, vidole vyote kumi vimeng'ang'ania mwamba, huko juu hana kilichomfunga popote. Akainua kichwa. Akatambaa mpaka kwenye ile pini yenye kutu, akachomoa nyundo. Akaigonga mara moja, akageuka kumtazama binti yake.

Ti.

Fundi akaitikia kwa kichwa. Mzee hakuridhika; akagonga tena, akamtazama tena. Ti. Ndiyo, Baba, hiyo nzima. Ndipo akajifunga.

Fundi akalifungua lile fundo kwenye pini yake, akaipanda ile sehemu kwa ufa uliokuwa kushoto, anagonga kila jiwe kabla ya kulishika, viganja vinamtoka damu. Alipofika kibarazani hakumkumbatia baba yake. Alijifunga kwenye pini, akakaa chini, akavuta pumzi, kisha akamshika kichwa kwa mikono miwili na kuuweka mdomo wake kwenye sikio.

"Tangu lini?"

"La kushoto limekufa kabisa," mzee akasema. "Hili la kulia linapata pata."

"Nimekuuliza tangu lini!"

"Mwaka juzi."

Fundi akamwachia. Mwaka juzi. Akahesabu nyuma, na hakuhitaji kuhesabu sana. "Kwa hiyo jiwe la Shingoni lilikuwa na alama."

 Mzee alimtazama mdomo, akaelewa kila neno, akainamisha macho kwenye nyundo.

"Ulijua?"

"Siku ile ile." Alikuwa anaukwaruza mpini wa nyundo kwa ukucha. "Nilirudi jioni peke yangu. Nikagonga mawe ya jirani yake, nikayasukuma kwa bega. Mawili yalicheza. Nikajua. Nikasema moyoni, nikikiri wananinyang'anya nyundo, na bila nyundo mimi ni nani? Mzee mmoja mwenye goti bovu. Nikasema kijana bado ana nguvu, atapata kazi nyingine."

"Ukamtupa mwanao ili ubaki na nyundo!" Fundi alisema hivyo bila kuinamia sikio, na kwa sauti iliyotosha kusikiwa na mlima mzima. "Na mimi nikakaa upande wako! Nikampa mgongo kaka yangu sokoni kwa ajili yako! Leo ungeniua, Baba. Keshokutwa ungeua watoto wa watu!" Alikuwa na mengine, na aliyasema yote. Mzee alisimama akapokea, na yale aliyoyakosa sikioni aliyasoma usoni.

Alipomaliza, mzee akanyoosha mkono kumpa nyundo. "Gonga wewe, tukishuka. Mimi nitachora."

"Na ukifika chini?"

"Chini nitasema. Na wewe usinisemee. Mama yako amenisemea miaka miwili, ona tulipofika."

Walishuka wakirudia kazi yote upya. Fundi aligonga, akasikiliza, akaonyesha kidole gumba juu au chini. Gumba likishuka, mzee aliinama na kuikata vema yake kwa mstari mmoja, ikawa kosa. Mvua nyepesi ikaanza, chokaa likawa telezi kama sabuni, na hawakuruka hata jiwe moja. Kati ya alama arobaini na tatu za asubuhi ile, tisa zilikuwa za uongo. Mzee alizikata zote tisa kwa mkono wake, na kila moja ilionekana kumchukua muda mrefu kuliko iliyotangulia. Ya mwisho ilikuwa Shingoni, kwenye jiwe lililo jirani na pengo la mwaka jana. Alisimama hapo mpaka Fundi akamgusa bega.

Kaka mtu siku hizi anafanya kazi kwenye karakana ya milango na madirisha ya chuma, mtaa wa nyuma ya soko. Walifika jua limeanza kuinama, wote wawili wameloa na weupe wa chokaa umewagandia nguoni. Ndani kulikuwa na mafundi wengine watatu, na kelele za kutosha kuua masikio ya mtu mzima. Kaka mtu alikuwa anakata bomba kwa mashine, cheche zinaruka. Aliwaona. Hakuzima. Alikata mpaka kipande kikaanguka sakafuni, akazima, akanyanyua miwani yake ya kazi. Mafundi wenzake nao wakanyamaza, maana mji wote unajua habari za watu hawa.

Hakutoa salamu. Alitazama lile bomba mkononi mwake, akasema kwa sauti ya chini, "Jiwe lilikuwa na alama, Baba."

Fundi, pale mlangoni, alilisikia kila neno. Alijua baba yake hajasikia hata moja. Ulimi ulimwasha kulibeba neno lile na kulifikisha, kama Mama alivyokuwa akibeba miaka yote ile. Akajiuma mdomo. Karakana nzima ilimtazama mzee, na Fundi akaona midomo ya baba yake inajikunja kwa mazoea kutaka kusema sawa. Ingekuwa rahisi kweli. Sawa moja, na wangeondoka.

"Sikusikia," akasema Mzee Nyundo, kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama wasemavyo viziwi. "Sisikii, mwanangu. Ni mwaka wa pili sasa. Njoo karibu, upande huu wa kulia, unirudie."

Kaka mtu akamtazama dada yake. Fundi akaitikia kwa kichwa. Kijana akaweka bomba chini, akasogea, akamwinamia mzee sikioni, na miezi kumi na moja ikamtoka kwa mkupuo.

"Jiwe lilikuwa na alama!"

Mzee alikunja uso kwa ule ukali, lakini hakurudi nyuma. "Lilikuwa nayo," akasema, ili na wale mafundi watatu wasikie. "Niliichora mimi. Jiwe lilikuwa bovu na sikulisikia. Kikaoni nilisema uongo mbele yako, na nyumbani nikakutukana juu yake. Hukuvunja mguu wa mtu. Niliuvunja mimi." Akatoa nyundo kiunoni, akainyoosha kwa mwanawe. "Keshokutwa hapandi mtu. Nakwenda ofisini sasa hivi kuwaambia, kabla hawajafunga. Nimepita hapa kwanza."

Kaka mtu hakuipokea nyundo. Aliitazama tu, kisha akamtazama baba yake, zile nguo zilizoloa na yale magoti yaliyochubuka. Akavua glavu, moja, halafu nyingine, akazipanga juu ya meza.

"Twende," akasema. Akafika mlangoni, akakumbuka, akarudi mpaka kwenye lile sikio la kulia, akarudia.